Kisu cha Marehemu Kimepoteza Kisimamo

Mkubwa alimpokea sajini mlangoni akiwa ameinua kidole cha shahada kilichofungwa bendeji nene kama gunzi la hindi, na kabla hata ya salamu alikinyoosha kidole hicho kuelekea upande wa pili wa karakana.

"Yule pale, afande. Mchukue."

Upande wa pili alikuwapo mdogo wake, amekalia debe lililogeuzwa, anakula ndizi kwa starehe zake.

"Bora anichukue," alisema Mdogo. "Rumande angalau kuna utulivu."

Sajini aliangaza macho chumbani. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye mazoea ya kukisoma chumba kabla ya kuwasoma watu waliomo. Asubuhi hiyo mkuu wa kituo alimpa jalada hili huku akijikaza asicheke: mtu na mdogo wake wa tumbo moja, fundi na fundi, mmoja anamshitaki mwenzake kwa kuharibu kisu cha kukunja cha marehemu baba yao. Kicheko kilimwisha mkuu alipofika kwenye sahihi. Mkubwa alikuwa ameshatia sahihi malalamiko, na alikuwa ameapa hatayafuta. Kama jioni ingefika bila kupatikana mwenye hatia mwingine, Mdogo angelala ndani, na kesho yake angepandishwa kizimbani.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mafuta na chuma cha moto. Katikati ya sakafu mtu alikuwa amechora mstari wa chaki, na chaki ilipofika ukutani haikukoma, ilipanda juu hadi darini. Kulia kwa mstari kulikuwa na jiliwa la Mkubwa la kubania chuma na tupa zake za kukisugulia, zimetundikwa kwa ukubwa, kama familia iliyopangwa kupigwa picha. Kushoto kulikuwa na mashine ya kusagia ya Mdogo na gurudumu la kitambaa la kung'arishia. Kabati dogo la kioo lilitundikwa juu ya mstari wenyewe, nusu huku, nusu kule, na lilifungwa kwa kufuli mbili. Mwisho kabisa, chini ya dirisha, mama yao alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu mmoja upande wa Mkubwa na mwingine upande wa Mdogo, anamenya chungwa. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto na ganda lilishuka refu, halikatiki.

"Shikamoo, mama," sajini alisema.

"Marahaba, mwanangu. Usiwape kiti, watazoea."

Sajini akatoa karatasi zake. "Haya. Nielezeni kama mtu asiyejua kitu. Kisu kimeharibiwaje?"

Wote wawili walifungua midomo kwa pamoja. Akamnyooshea kalamu Mkubwa.

"Kisu chochote cha kukunja, afande, ubapa wake una kitako. Kitako ndicho kinachozunguka kwenye pini na kusuguana na springi ya mgongoni. Sasa, fundi mwenye akili hukiacha kitako kiwe na pembe. Ukifunga kisu, ubapa unafika nusu njia, ile pembe inakaa kwenye springi, tak! Unasimama. Unapata nafasi ya kuondoa vidole. Halafu unamalizia. Hicho ndicho kisimamo. Baba alikiweka kwenye kisu chake cha kwanza, na mimi naweka kwenye visu vyangu vyote."

"Na fundi asiye na akili?" sajini aliuliza.

"Anaikata pembe, anakizungusha kitako kama yai. Ubapa unateleza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Huo ni mtego wa panya, si kisu."

"Ni kisu chenye adabu," Mdogo alidakia. "Kinafunguka kama siagi. Vyake vile, unavuta, vinagoma, unavuta tena, vinakubali kwa shingo upande. Kama kuomba ruhusa ofisini."

"Wateja wangu wana vidole kamili!"

"Wateja wako wana kucha zilizovunjika!"

"Waungwana," sajini alisema, na mama kule dirishani akaguna kwa neno hilo.

Ikabainika kwamba ugomvi haukuwa wa hawa wawili tu. Mji mzima uligawanyika. Wapenda kisimamo walinunua kwa Mkubwa na kupita mlango wa kulia, wapenda mtelezo walinunua kwa Mdogo na kupita mlango wa kushoto, na kinyozi wa jirani alikuwa amevunja uchumba baada ya kugundua aina ya kisu alichobeba baba mkwe mtarajiwa. Kila upande ulidai kwamba marehemu alikuwa wa kwao. Ila Mkubwa alikuwa na hoja ambayo haikuwa na jibu, nayo ilining'inia kwenye kabati la kioo: kisu cha kwanza cha baba, chenye kisimamo.

Hadi jana.

"Alikuja mpiga picha wa gazeti," Mkubwa alisema. "Tukafungua kabati. Kufuli moja ufunguo wake ninao mimi, nyingine anao huyu. Hakuna awezaye kufungua peke yake. Nikakishika kisu cha baba mbele ya kamera, nikakifungua. Kisha nikakifunga kwa mkono mmoja, kama alivyokuwa akifunga mzee. Nikangoja tak." Akainua bendeji. "Tak haikuja."

"Picha imetoka vizuri," Mdogo alisema. "Mdomo wazi hadi magego."

"Unamwona, afande? Unamwona anavyofurahi?"

Sajini alikiomba kisu. Kilikuwa kidogo, mpini wa mfupa uliogeuka rangi ya chai, kizito kuliko kilivyoonekana. Alikifungua na kukifunga polepole. Ubapa ulipita nusu njia bila hata kusitasita, ukalala mahali pake kwa mlio mwembamba. Hakuwa mpenzi wa visu, lakini mkono wake ulitaka kukifungua tena, na akaona aibu kidogo.

Akaanza na kabati. Bawaba zilikuwa ndani, skrubu zake zina kutu isiyoguswa. Kioo kizima. Kufuli zote mbili hazina mkwaruzo.

"Kwa hiyo lilifunguliwa kwa funguo," alisema. "Zote mbili."

"Ameiba wangu nikiwa nimelala," alisema Mkubwa.

"Amefanya mwenyewe ili anisingizie," alisema Mdogo. "Mwulize. Ana ufunguo wangu, najua. Amekisaga kusudi, akajikata kusudi, akalia kusudi. Yeye tangu utoto ni hodari wa kulia."

Sajini alilipima hilo. Halikuwa la kipuuzi: mtu anayeumia mbele ya kamera hashukiwi. Alivuka mstari wa chaki, na ndugu wote wawili wakashituka kana kwamba amekanyaga mkeka wa watu na viatu. Akachukua kisu kimoja kwenye meza ya Mdogo, akampa Mkubwa.

"Kifunge. Kwa mkono mmoja, kama jana."

"Cha huyu? Mimi?"

"Kifunge, bwana."

Mkubwa alikishika kama anayemshika kaa. Vidole vyote vinne alivirudisha nyuma hadi vikalala ubavuni mwa mpini, akausukuma ubapa kwa ncha ya dole gumba huku amegeuza uso. Kisu kikafunga. Hakuna aliyeumia.

"Sasa nifungulie hiyo bendeji."

Jeraha lilikuwa limepita katikati ya kidole, kwa unyoofu, palepale kidole kinapolala mtu anaposhika mpini bila wasiwasi. Sajini akatikisa kichwa.

"Mkono unaojua huondoka njiani, hata mwenyewe akitaka ubaki. Umeuona wako sasa hivi. Jana haukujua. Si yeye," alimwambia Mdogo.

"Asante, afande," alisema Mkubwa, akajishika kifua. "Basi amebaki mmoja."

Mdogo aliacha kutafuna. Sajini akagundua kwamba nyuma ya dharau yote ile kulikuwa na mtu mwenye hofu. Aproni yake ilijaa unga wa chuma. Wateja wangeapa kumsikia akisema, zaidi ya mara moja, kwamba angepewa dakika moja na kile kisu angekinyoosha tabia. Hata mikono yake ilikuwa kama ya mwenye hatia, lakini mikono ya mafundi wote iko hivyo.

"Unatumia tupa?" sajini alimwuliza.

"Tupa ni za watu wasio na umeme. Mimi na mashine yangu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tazama kazi zangu, afande. Vitako vyote naving'arisha mpaka unajiona meno."

Sajini alitoa kioo cha kukuzia. Ilikuwa kweli. Kitako cha kila kisu cha Mdogo kiling'aa kama maji. Lakini kwenye kisu cha marehemu, sehemu ndogo ya kitako iliyoonekana ilikuwa na michirizi myembamba: kazi ya tupa, kazi ya mkono.

"Tupa ameiba kwangu!" alipaza sauti Mkubwa. "Ametumia tupa ili asijulikane. Mjanja huyu, si mnamwona tu!"

Nayo hiyo haikuwa ya kipuuzi. Sajini aliinama juu ya pini. Kichwa chake kilikuwa kimegongwa kwa vipigo vidogo vidogo, kisha kikalainishwa mpaka karibu kipotee ndani ya mfupa. Aliyefanya hivyo alikifumua kisu chote, akakisaga, akakirudisha, na hata Mkubwa mwenyewe hakugundua mpaka damu ilipotoka. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Nataka kukiona kitako chote," alisema. "Kifumueni."

Ndugu wote wawili walirudi nyuma hatua moja.

"Kisu cha baba hakifumuliwi," Mkubwa alisema.

"Hakijawahi kufumuliwa," Mdogo alisema.

"Ni kama kufukua kaburi."

"Hapo nakubaliana naye, na Mungu anisamehe."

"Kimeshafumuliwa," sajini aliwakumbusha, "na hiki sasa ni kielelezo cha polisi." Akachukua nyundo mezani, kubwa kuliko zote, akaishika karibu na kichwa kama mtu anayetaka kuua nge, akaweka msumari wa kwanza alioukuta juu ya pini.

"We!" waliruka wote wawili.

Mkubwa alimnyang'anya kisu, Mdogo alimnyang'anya nyundo. "Na huo si msumari wake!" Wakainama juu ya jiliwa moja, la Mkubwa. Mkubwa alikishika kisu, kidole chenye jeraha amekiinua, Mdogo akachagua nyundo ndogo, akagonga mara chache kwa kifundo cha mkono tu. Pini ikatoka bila ubishi. Hakuna kati yao aliyeonekana kujua kwamba Mdogo alikuwa amevuka mstari.

Ubapa ukawekwa juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha. Sajini akainama na kioo chake, na kwa muda mrefu kilichosikika ni kisu cha mama tu kikitembea kwenye ganda la chungwa.

Upande wa juu wa kitako, palipokuwa na pembe, michirizi ya tupa ilikuwa mipya, inameremeta. Hiyo aliitarajia. Upande wa chini, ambako springi haikuwahi kugusa, kulikuwa na michirizi mingine, mizee, imeingia weusi wa miaka. Hiyo iliwekwa siku kisu kilipozaliwa. Aligeuza ubapa kwenye mwanga, akageuza tena.

"Nipeni kipande cha chuma kisicho na kazi," alisema. "Mkubwa, kipige tupa kidogo. Wewe, Mdogo, hapa pembeni."

"Mimi nilishasema tupa..."

"Piga."

Walipiga. Mkubwa kwa madaha, Mdogo kwa kinyaa. Sajini akaviweka vyuma pamoja na kuwaita waangalie.

"Michirizi yenu yote inalala kuelekea huku, kulia. Kwa sababu wote mnasukuma tupa kwa mkono wa kulia. Sasa angalieni kisu. Hii mipya inalalia wapi?"

"Kushoto," alisema Mkubwa polepole.

"Wala mtu hawezi kuigiza kwa mkono usio wake na kazi ikatoka safi hivi," Mdogo alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeondolewa jiwe kifuani: "Afande. Basi si mimi."

"Si wewe. Lakini nina swali. Hii mizee, ya siku ya kwanza, inalalia wapi?"

Vichwa viwili viligongana juu ya kioo.

"Kushoto," walisema.

"Mkono mmoja, basi. Aliyekisaga juzijuzi ndiye aliyekitengeneza. Marehemu baba yenu alikuwa akitumia mkono gani?"

"Wa kulia," walijibu kwa pamoja, haraka, kama watoto darasani, kisha wakasikia walichosema.

Hakuna aliyegeuka mara moja. Mkubwa aliangalia tupa zake. Mdogo aliangalia dari. Mwisho, kwa kuwa hapakubaki pengine pa kuangalia, waliangalia kiti cha dirishani, chungwa, na kisu kilichokuwa kikikata ukanda wa mwisho wa ganda kwa mkono wa kushoto.

"Mmechelewa," mama alisema. "Nilidhani chungwa hili ningelimenya hadi kesho."

"Mama?" alisema Mkubwa.

"Huyo ndiye mimi."

"Kisu cha baba..."

"Baba yenu alikuwa mwuzaji, mwanangu, na alikuwa mwuzaji hasa, angekuuzia kivuli chako. Lakini chuma hakikumpenda. Alikuwa anashika tupa kama mwiko. Mimi nilikuwa nasaga huko nyuma, yeye anauza hapa mbele, na watu walipomsifu fundi, tulikuwa tunaangaliana na kucheka. Baadaye mkawa mnacheza humu, mkawa mnasema kazi ya baba, kazi ya baba. Nikasema wacha, wataiona wenyewe. Mna macho."

Sajini alivuta stuli akakaa. Kuna wakati mpelelezi anapaswa kunyamaza na kuandika.

"Na funguo, mama?"

"Huyu mkubwa alinipa wake wa akiba, akaniambia nisimwambie mwenzake. Huyu mdogo alinipa wake wa akiba, akaniambia nisimwambie mwenzake." Mama akafuta mikono kwenye kitambaa. "Sikumwambia yeyote."

Mdogo alikohoa. Mkubwa akaanza kuifunga tena bendeji yake kwa bidii isiyohitajika.

"Lakini kwa nini ukisage?" Mkubwa aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupaza sauti. "Kisimamo kile... mimi nimejenga maisha yangu yote juu ya kisimamo kile."

"Nilikiweka kwa ajili yake. Alikuwa na haraka, yule bwana. Kila kisu nilichompa alijikata. Mchana anamwonyesha mteja, anajikata. Jioni anakata uzi, anajikata. Nikafikiri, ubapa ukisimama nusu njia, atakumbuka kuondoa vidole. Na kweli, hakujikata tena." Akalikunja ganda la chungwa. "Mwezi huu nilitaka kukishika. Nikakitoa usiku mkikoroma. Nikaona dole gumba langu limezeeka, linauma kwenye ile pembe. Nikasema, ya nini sasa? Aliyehitaji kusimamishwa hayupo. Nikaikata. Sikujua kwamba nilimzaa mwingine mwenye haraka kama yeye."

Mkubwa aliificha bendeji mgongoni.

"Pole ya kidole, baba," mama alimwambia.

Sajini aliona ni wakati wa kufanya kazi ya serikali. Akageuza ukurasa, akaandika mistari michache, akamsogezea Mkubwa karatasi na kalamu.

"Mlalamikaji, nchi inakusikiliza. Umelalamika kwamba mali ya urithi imeharibiwa. Mwenye mali amepatikana, na ndiye aliyeiharibu. Kama unaendelea, nitabadilisha jina la mtuhumiwa, nimchukue mama yako. Kama unafuta, utie sahihi hapa, na mdogo wako hana kesi."

Wote walimtazama Mkubwa. Ikawa dhahiri, na kwa aibu ya watu wote waliokuwapo, kwamba alikuwa analifikiria.

"Kaka!" alisema Mdogo.

"Nafuta, nafuta," Mkubwa alisema. "Nilikuwa nafikiria kitu kingine." Alikuwa ameinama tena juu ya ubapa, kioo cha sajini jichoni. "Mama, usikasirike. Hapa kwenye bega la kitako umekata zaidi upande mmoja."

"Nani amekata zaidi?"

"Amini usiamini, Mama," Mdogo alisema, akisogea, "na mimi nilitaka kusema hivyo. Hapa. Unateleza, sawa, lakini mwishoni unachechemea."

"Unachechemea!" Mama alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. "Kisu changu kinachechemea! Nyie mlionyonya hapa na tupa nimeishika! Lete hiyo nyembamba. Si hiyo. Ile ya mwisho, yenye mpini wa kamba. Na wewe shika ubapa, usitetemeke."

"Mama, ukisaga hapo utapoteza..." alisema Mkubwa.

"Nitapoteza nini? Sogea kwenye mwanga."

"Kama ungenisikiliza mimi, tungetengeneza ubapa mpya, tukaacha pembe ndogo, si kubwa..." alisema Mdogo.

"Pembe ndogo ni nini? Pembe ni pembe!"

"Ndogo, kaka, ya kumkumbusha mtu tu, isimkere!"

Migongo mitatu ilizunguka jiliwa. Chuma kilianza kulia, polepole, kwa mfululizo mmoja usiokatika. Sajini alisimama nyuma yao na karatasi mkononi, akamgusa Mkubwa begani.

"Sahihi, bwana. Bila sahihi, mdogo wako bado ni mtuhumiwa. Itabidi niondoke naye."

Mkubwa hakusikia. Alikuwa ameshika ubapa kwa mikono yote miwili, pumzi ameizuia, na tupa ya mama ilikuwa ikipita karibu sana na bendeji yake.

Aliyegeuka ni mtuhumiwa mwenyewe. Aliweka kidole mdomoni.

"Tulia, afande," alinong'ona. "Mwache Mama amalize."